Maji kwanza, gari baadaye: kumkinga na kumwokoa mchezaji aliyezidiwa na joto

Uwanja wetu hapa Pemba unapakana na msikiti. Kutoka goli la kusini hadi kwenye birika la kutawadhia ni hatua 30. Nilizihesabu baada ya siku ile. Ulikuwa mwezi wa pili, upepo wa kaskazi umelala, saa tisa na nusu alasiri, mazoezi ya mwisho kabla ya mechi. Beki wetu wa kulia, kijana wa miaka 17, akaanza kuyumba. Tukampigia kelele aongeze bidii. Akamjibu kocha kwa matusi, mtoto ambaye hatujapata kumsikia akimpandishia mtu sauti, kisha akaanguka, anatupa mikono, macho yamemtoka. Mmoja akasema kapandwa na shetani. Mwengine akakimbilia kutafuta gari. Tukampakia nyuma ya pikapu na jezi yake, soksi zake na viatu vyake, karibu nusu saa ya njia, jua linamchoma. Hakuna hata mmoja wetu aliyelikumbuka lile birika.

Alipona, alhamdulillahi, lakini alilala hospitali siku 11, figo zikaumia, na mpira ukawa basi tena. Mimi ndiye niliyekuwa na mkoba wa huduma ya kwanza siku hiyo. Ndani mlikuwa na bendeji, spiriti na dawa ya kupuliza ya maumivu. Tangu hapo nimejifunza kila nililoweza juu ya maradhi haya, na ninawaandikia makocha, walimu wa michezo maskulini, waandaaji wa mbio na wazazi. Mchezaji aliyeanguka kwa joto na akili ikamruka hupozwa pale pale alipoanguka, ndipo gari ifuate.

Joto linatoka wapi

Wengi tunadhani jua ndilo linalomwangusha mchezaji. Jua linachangia, lakini jiko liko ndani ya mwili wenyewe. Kama robo tatu ya nguvu inayochomwa na misuli haigeuki mwendo, inageuka joto. Mwili hulitoa joto hilo kwa jasho, na hapa ndipo visiwa vyetu vinapotuonea: jasho linalodondoka chini halipozi kitu. Linalopoza ni lile linalokauka juu ya ngozi. Hewa yetu tayari imejaa unyevu wa bahari, kwa hiyo mchezaji anarowa chapachapa huku ndani anachemka. Damu nayo inagombaniwa: misuli inaitaka, ngozi inaitaka. Joto la ndani likipita nyuzi 40 na ubongo ukavurugika, hicho ni kiharusi cha joto. Si kile kiharusi cha kupooza upande mmoja. Jina limefanana tu, tiba ni tofauti kabisa.

Hatua ya kwanza: itazame siku kabla ya kupanga mazoezi

Kuanzia Disemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, ndiyo miezi ya kuogopa zaidi, na Februari na Machi ni kilele chake. Masika yakianza msidanganywe na mawingu. Fukuto la baada ya mvua, jua likichomoza na ardhi inatoa mvuke, ni baya kuliko siku kavu yenye upepo. Wakati wa kusi mambo hupoa, lakini mbio ndefu zinaweza kumwangusha mtu hata siku ya baridi kidogo kama amekimbia kupita uwezo wake.

Wataalamu wana kipimo kiitwacho WBGT, kinachojumlisha joto la hewa, unyevu, ukali wa jua na upepo. FIFA kwenye Kombe la Dunia la 2014 kule Brazil iliweka kwamba kikifika nyuzi 32, mchezo usimamishwe kila kipindi wachezaji wanywe na kujipoza. Hapa kwetu mchana wa Februari, kwenye uwanja usio na upepo, kufika karibu na kiwango hicho si jambo la ajabu.

Usipokuwa na kipimo, tazama kamba ya nguo. Kanga iliyoanikwa kivulini tangu asubuhi ikiwa bado mbichi saa saba mchana, basi na jasho la mchezaji wako halitakauka. Siku hiyo punguza mazoezi au yasogeze. Nyasi bandia nazo, kwa wale wenye viwanja vya aina hiyo, hupata moto kuliko majani yaliyoota; vua kiatu uzikanyage kwa unyayo kabla hujamwambia mtoto akimbie juu yake.

Saa nzuri ni baada ya sala ya Alfajiri hadi saa mbili asubuhi, au kuanzia saa kumi na moja jioni. Najua ugumu wake: jioni giza linaingia mapema na viwanja vya mtaani havina taa. Lakini inaniuma kuona mechi za wakubwa zinachezwa usiku chini ya taa za Uwanja wa Amaan kule Unguja, huku watoto wa madaraja ya chini wakipewa saa nane mchana kwa sababu ratiba imejaa. Wenye kupanga ratiba wawape watoto saa ya jioni, na mechi iliyokosa nafasi isogezwe siku nyengine.

Hatua ya pili: uzoesheni mwili polepole

Mwili hujifunza joto. Ukifanya mazoezi kwenye joto kila siku kwa siku 10 hadi 14, unaanza kutoa jasho mapema na kwa wingi zaidi, chumvi inayopotea inapungua, moyo unatulia. Ndiyo maana walioanguka wengi huanguka katika siku za mwanzo za mazoezi, baada ya mapumziko marefu.

Siku tano za mwanzo fanyeni mara moja tu kwa siku, kama saa moja, mbio za kasi ziwe chache. Ongezeni muda kwanza, ukali baadaye. Wiki ya pili ndiyo ya kufika kwenye mazoezi kamili. Na mchezaji aliyerudi akiwa amechelewa aanze siku yake ya kwanza, asiingizwe kwenye siku ya kumi ya wenzake. Kijana aliyekuwa chuo Arusha au Mbeya, akashuka boti wiki iliyopita, mwili wake bado uko kwenye baridi ya kule hata kama kazaliwa Wete. Wiki mbili tatu za kukaa bure zinatosha kuupoteza uzoefu huo.

Hatua ya tatu: jua nani yuko hatarini leo

Kabla ya mazoezi mimi huuliza mambo matatu, kila mmoja kwa faragha: umelala? umeumwa? umekula dawa gani? Mwenye homa hachezi. Hili halina mjadala, kwa sababu anaanza mchezo jiko likiwa limeshawashwa. Aliyeharisha jana au juzi hachezi. Aliyetoka kwenye malaria apewe muda mpaka nguvu zirudi kweli kweli. Dawa za mafua na mzio, zile zinazoleta usingizi na kukausha mdomo, hupunguza jasho. Vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo vijana wanavinywa kabla ya mechi wakidhani vinasaidia, huongeza mapigo ya moyo na kumfanya mtu asiusikie uchovu unaomtahadharisha.

Mnene na asiye na mazoezi yuko hatarini, hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba mwenye bidii kupita kiasi yuko hatarini vilevile: anayetaka kuonekana siku ya usaili, nahodha asiyetaka kutoka. Beki wetu alikuwa mtoto wa aina hiyo. Wenye chembe ya selimundu nao (waliorithi ugonjwa huo wa damu kwa mzazi mmoja tu), hata kama hawaumwi, wanaweza kuzidiwa vibaya kwenye mbio kali za mfululizo. Mzazi akilijua hilo amwambie kocha.

Na sasa niseme juu ya adhabu. Kuwakimbiza wachezaji mizunguko 20 kwa sababu wamefungwa, au kwa sababu mmoja kachelewa, ni jambo tulilolirithi na tuliache. Mazoezi ya kawaida mchezaji aliyechoka hupunguza mwendo mwenyewe. Hiyo ndiyo kinga aliyopewa na Mwenyezi Mungu. Adhabu inamnyang'anya kinga hiyo. Anaogopa kusimama, wenzake wanamtazama, anakwenda mpaka anaanguka. Mwalimu wangu, kama unataka kumwadabisha kijana, mpe kazi ya kukusanya mipira na kufagia uwanja wiki nzima.

Hatua ya nne: maji, chumvi na Ramadhani

Mpime uzito kabla na baada ya mazoezi, akiwa na bukta tu. Kijana wa kilo 60 akirudi na kilo 58.8 amepoteza asilimia mbili, na hapo uwezo umeshashuka. Kila kilo iliyopotea airudishe kwa lita moja hadi moja na nusu, kidogo kidogo, ndani ya saa chache zinazofuata. Aliyerudi na uzito mkubwa kuliko aliotoka nao amekunywa kupita kiasi, na hilo nalo ni hatari, nitalirudia chini. Rangi ya mkojo inasaidia: wa rangi ya maji ya limau ni mzuri, wa rangi ya chai ya rangi ni onyo.

Maji yanatosha kwa mazoezi ya saa moja. Yakizidi hapo, mchezaji anahitaji chumvi kidogo. Pakiti ya ORS, ile chumvichumvi ya kumpa anayeharisha, kwenye lita moja ya maji safi ni rahisi na inapatikana kila duka la dawa. Madafu ni mazuri na ni yetu, yana potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake ni ndogo, na sodiamu ndiyo inayotoka kwa wingi kwenye jasho. Kwa hiyo anywe dafu na ale kitu cha chumvi: supu, muhogo, mchuzi wa samaki. Maji, hata hivyo, hayamkingi mtu peke yake. Nimeshuhudia mchezaji aliyekunywa vizuri akazidiwa kwa sababu kazi ilikuwa kali mno.

Ramadhani ya miaka hii imeangukia Februari na Machi, yaani funga na joto vimekutana. Mazoezi mazito yawe baada ya tarawehe. Anayetaka kutembeza mwili kabla ya Magharibi afanye nusu saa nyepesi, amalize adhana ikikaribia ili anywe mara moja. Mbio za kasi na mechi za ushindani alasiri ukiwa umefunga, acheni. Akizidiwa mtu, maji ya kumwagiwa mwilini hayafunguzi, na mgonjwa ameruhusiwa kula na kunywa akalipa siku yake baadaye. Asitokee mtu wa kusitasita kwa ajili hiyo.

Hatua ya tano: viwekeni vifaa kabla ya filimbi

Sasa turubai letu limekunjwa kwenye stoo ya msikiti, na imamu ametupa ruhusa ya mpira wa maji na birika wakati wowote. Tulichohitaji kilikuwa kidogo: turubai la mita mbili kwa tatu au beseni kubwa la kukaa mtu, ndoo sita hadi nane za lita 20, taulo kumi na mbili, deli lenye barafu. Barafu haina shida visiwani. Wavuvi wanaitumia kila siku kwa samaki, na karibu kila mtaa pana mama anayeuza barafu za mifuko kutoka friji lake. Mwambieni mapema siku ya mechi awawekee mifuko 20.

Tahadhari moja ya kwetu: maji ya tangi jeusi lililokaa juani mchana kutwa yanaweza kuwa moto. Tia mkono kwanza. Maji ya kisima ni baridi zaidi, na yakitiwa barafu yanakuwa dawa kamili. Yasipokuwa na barafu bado yanafaa, ila yanashusha joto taratibu zaidi.

Mpangiane kazi pia: nani anamshika kichwa, nani anamwaga maji, nani anapiga simu, gari iko wapi na ufunguo uko kwa nani. Fanyeni jaribio mara moja mkiwa hamna mgonjwa. Sisi tulilifanya, vijana wakacheka sana, lakini dakika ya nne aliyejifanya mgonjwa alikuwa ndani ya maji.

Kumtambua

Dalili kubwa ni akili. Mchezaji anayumba, anampa mpira adui, anajibu ovyo, anakuwa mkali, analia, anacheka, anauliza jambo lile lile. Mwite jina, muulize: "Mwanangu, tunacheza na nani? Sasa kipindi cha ngapi? Hapa wapi?" Akikosea baada ya kazi ngumu kwenye joto, chukulia ni kiharusi cha joto mpaka ithibitike vingine.

Usisubiri ngozi ikauke. Vitabu vya zamani vilisema ngozi huwa kavu, lakini mchezaji huanguka akiwa bado anatoka jasho jingi. Usiamini kipimajoto cha kwapani wala cha kuelekeza kwenye paji la uso. Baada ya mazoezi vyote hudanganya, vinasoma chini. Kipimo cha kuaminika ni cha njia ya haja kubwa, kikiwa mikononi mwa mhudumu wa afya anayejua kukitumia. Usipokuwa nacho usipoteze dakika. Na aliyezinduka akazungumza vizuri kidogo asikuhadae, anaweza kupotea tena.

Kuhusu shetani: sitaki kubishana na imani ya mtu. Anayetaka kumsomea amsomee, na amsomee huku mgonjwa yuko ndani ya maji. Dua haizuii maji, na maji hayazuii dua.

Kumwokoa

1. Tazama kama anapumua. Hapumui, anza kubonyeza kifua. Hilo ndilo la mwanzo. Anapumua, mtoeni juani, mvueni viatu, soksi, jezi, vilinda ugoko. Kama ni msichana, wasimame wenzake wa kike kumzunguka, afunikwe kanga moja iliyorowa. Kanga mbichi haizuii kupoa. Haya yote yasizidi dakika mbili.

2. Mzamisheni kwenye maji baridi hadi shingoni. Mkiwa na beseni au birika, mpitisheni taulo kifuani chini ya makwapa, mtu mmoja alishike kwa nyuma asizame. Mkiwa na turubai, mlazeni katikati, watu sita wanyanyue kingo liwe kama hodhi, mwagieni ndoo zote na barafu. Kisha yakorogeni maji bila kusimama, maana maji yaliyotulia kwenye ngozi hupata joto na kuwa kama blanketi. Msimpeleke baharini: aliyechanganyikiwa anazama, na mawimbi hayamngojei mtu.

3. Hakuna cha kumzamishia? Mmwagieni maji mfululizo mwili mzima, na taulo zilizolowekwa kwenye maji ya barafu zifunike kichwa, kifua, tumbo, mikono na miguu, zibadilishwe kila dakika mbili tatu. Huku mnampepea kwa nguvu. Vipande viwili vya barafu kwapani peke yake havitoshi.

4. Mmoja kazi yake iwe kichwa na saa tu. Anazungumza naye, anaangalia pumzi, anamgeuza ubavu akitapika. Msimpe cha kunywa mtu asiyejitambua. Msimpe panadoli wala aspirini: joto hili si la homa, dawa hizo hazilishushi na zinaweza kuumiza ini na kuzidisha kutoka damu.

5. Simu ipigwe wakati huo huo, gari isogee, lakini mgonjwa asitolewe kwenye maji kwa sababu gari imefika. Kwenye maji ya barafu joto hushuka kama nyuzi moja kila dakika tatu hadi tano. Bila ya kipimo, mwacheni kama dakika 15. Kwenye maji ya kisima yasiyo na barafu, dakika 20 au zaidi. Akianza kutetemeka na akili ikarudi, mtoeni, mpanguseni. Mhudumu mwenye kipimo atasimamisha likifika karibu nyuzi 39.

6. Hospitali anakwenda hata kama anasema yuko sawa. Njiani madirisha wazi, taulo mbichi juu yake. Mpokeaji aambiwe: alianguka saa ngapi, alikuwaje, alipozwa kwa kitu gani na kwa dakika ngapi, na apimwe figo, ini na damu.

Haraka hii yote ina sababu. Joto likishushwa ndani ya nusu saa ya kuanguka, karibu wote huokoka. Kwenye mbio za Falmouth, Massachusetts, Marekani, zinazokimbiwa katikati ya joto la Agosti, kwa miaka 18 iliyochunguzwa wakimbiaji 274 walipata kiharusi cha joto na kutumbukizwa kwenye mabeseni ya barafu hapo hapo mwisho wa mbio. Hakufa hata mmoja.

Si kila anayeanguka ni huyu

Aliyebanwa misuli na akili yake nzima, mnyoosheni taratibu, mpeni maji ya ORS, apumzike. Aliyevuka mstari wa mwisho akaanguka kwa kizunguzungu, anajibu vizuri, mlazeni kivulini miguu juu, dakika chache atakaa. Aliyechoka mno, anatapika, kichwa kinamuuma lakini anajitambua, ana uchovu wa joto: kivuli, maji mwilini, kinywaji, na asirudi uwanjani siku hiyo. Akianza kuropoka, rudini kwenye turubai.

Kwenye mbio ndefu jihadharini na yule aliyekwenda polepole akanywa kila meza. Vidole vimevimba, pete imembana, kichwa kinamuuma, anatapika, baadaye anachanganyikiwa. Huyo maji yamezidi na chumvi imepungua. Kumwongezea maji ni kumuua. Mpelekeni hospitali na msimpe kinywaji kingine.

Kurudi uwanjani

Baada ya kutoka hospitali apumzike kabisa siku saba au zaidi, apimwe tena damu, na daktari ndiye anayesema aanze. Mkojo wa rangi ya kola katika siku hizo ni wa kurudi hospitali saa ile ile, misuli imevunjika na figo zinaumia. Akiruhusiwa, aanze asubuhi na mapema au mahali penye ubaridi, dakika 20 za mwendo mwepesi, aongeze kwa wiki mbili hadi nne, joto alizoee upya kama mgeni. Siku yake ya kwanza ya mazoezi kamili, turubai liwe limeshatandikwa kando ya uwanja, ndoo zimejaa, na mmoja wenu asifanye kazi nyengine ila kumtazama yeye.